Pembe Zilizopigwa Msasa

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha baiolojia, katika sekondari moja ya kata upande wa Songwa, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Alikuwa na ng'ombe saba, kuku ambao hata yeye hakujua idadi yao, na redio iliyoshika stesheni moja tu. Mimi ni mtu wa Muheza. Nimekulia kwenye michungwa na minazi, na hadi siku niliyoshuka kwenye basi na begi langu, ng'ombe kwangu alikuwa kitu kinachopita barabarani na mtu mwenye fimbo nyuma yake, nami nasogea pembeni hadi kipite.

Kwa wiki mbili za mwanzo nilikuwa nikienda chooni kwa kuizunguka nyumba nzima, kwa sababu njia fupi ilipita mlangoni mwa zizi. Mama mwenye nyumba aliniangalia tu. Mwishowe, asubuhi moja, akaniuliza, "Mwalimu, choo umesahau kilipo?"

"Nakijua, Mama. Ni hawa ng'ombe."

"Ng'ombe hawali walimu," alisema. "Wangekuwa wanawala, serikali isingetuletea."

Nikapita njia fupi. Ng'ombe mmoja akageuza kichwa akanitazama, akaendelea kucheua.

Muhula ule nilikuwa nafundisha habari za ngozi. Niliazima kidau cha wino wa mhuri ofisini kwa mkuu wa shule, nikawaambia wanafunzi wabonyeze vidole gumba kwenye karatasi, ili waone ile mistari midogo iliyoinuka kwenye ncha za vidole. Niliwaeleza kwamba mistari ile ni kama matuta ya viazi yaliyotazamwa kutoka angani, kwamba mtu huanza kuwa nayo akiwa bado tumboni kwa mama yake, kwamba hakuna wawili duniani wenye matuta yanayofanana, na kwamba ndiyo yanayokusaidia ushike kikombe kilicholowa kisikuponyoke. Darasa zima likachafuka wino hadi puani. Mkuu wa shule hakunipa tena kidau chake.

Jioni nilikaa uani na zile karatasi. Mama mwenye nyumba alikuwa anabangua karanga, akataka kujua madoa yale ni ya nini. Nikamweleza, kisha nikampaka wino uliosalia kwenye kitambaa, nikambonyeza kidole gumba kwenye karatasi safi.

Likatoka doa. Doa tupu, kama tone la chai. Nikajaribu cha shahada, doa. Cha kati, doa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho pekee kilichotoa vimistari vitatu vinne vilivyokatikakatika.

Alicheka hadi akaweka ungo chini. "Umepata tabu ileile aliyoipata yule binti wa kusajili laini za simu mjini. Alifuta mashine yake, akafuta vidole vyangu, akafuta tena mashine. Mwisho akaniuliza, 'Bibi, vidole vyako umeviacha wapi?' Nikamwambia, shambani. Miaka arobaini ya jembe na pamba, unadhani vingebaki?"

Nilijisikia vibaya kidogo, kana kwamba nilikuwa nimemvua nguo bila kukusudia. Yeye hata hakujali. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akainuka.

"Kama unatafuta matuta," akasema, "njoo nikuonyeshe ambayo jembe halijayala."

Akanipeleka zizini. Ng'ombe walikuwa wamerudi malishoni na vumbi lilikuwa halijatua. Akamshika pembe mmoja mweusi, mkubwa wao wote, akamtuliza kwa maneno ya Kisukuma, kisha akaniita nisogee. Nilisogea kwa hatua za mtu anayevuka mto asioujua kina.

"Leta mkono. Shika hapa. Unasikia nini?"

Nilisikia pete. Pembe haikuwa laini kama nilivyodhani. Ilikuwa imejizungushia pete zilizoinuka, moja juu ya nyingine, kuanzia karibu na kichwa kwenda juu.

"Hesabu."

"Saba."

"Watoto saba," alisema. "Wa kwanza ndiye yule wa juu kabisa, wa mwisho yuko huku chini kwenye nywele. Ng'ombe akibeba mimba, chakula kinakwenda kwa mtoto, pembe inabaki na njaa. Panakuwa bonde. Akipata nafuu, pembe inanenepa, panakuwa tuta. Kwa hiyo kila mtoto anaacha tuta lake. Ukitaka umri wake, hesabu watoto, halafu ongeza miaka miwili ama mitatu ya usichana wake."

Kisha akaanza kunisomea. Hapa kati ya pete ya tatu na ya nne pana nafasi pana: mwaka ule mvua ilikataa, hakushika mimba. Hapa pete mbili zimekaribiana: alizaa mwaka hadi mwaka, marehemu baba watoto akamsifu kijiji kizima. Hii nyembamba hapa, mtoto alikufa. Nilisimama nimeshika pembe ya ng'ombe niliyekuwa namwogopa, nikisikiliza. Nina shahada ya mambo haya. Hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia hata siku moja.

"Na usitazame kwa macho," alimalizia. "Macho yanadanganywa. Mimi vidole vyangu vimekufa, kwa hiyo natumia ukucha." Akapitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kwenye ncha hadi kichwani, nao ukawa unaruka pete moja baada ya nyingine, krr, krr, krr.

Wiki iliyofuata niliingia darasani nikiwa nimejaa shauku. Nikachora pembe ubaoni, nikachora pete, nikaeleza kwa bidii habari za lishe na ukuaji. Darasa lilinisikiliza kwa adabu. Nilipouliza kama kuna swali, binti mmoja wa mbele akasimama.

"Madamu, hili tunalijua tangu hatujaanza darasa la kwanza."

"Wote?"

"Wote, Madamu."

Nikafuta ubao.

Ila mimi nilikuwa nimeshanogewa. Nikaanza kukaa zizini jioni. Nikajifunza kukamua, vibaya kwanza, kisha vibaya kidogo. Na wazo likaniingia kwamba nataka ng'ombe wangu mwenyewe. Nilikuwa nimejiwekea akiba ya kununua sofa, lakini chumba changu kilikuwa na nafasi ya kitanda na ndoo, na sofa lingebidi nilale juu yake. Ng'ombe angekaa nje.

Mama mwenye nyumba alifurahi. "Mwalimu akinunua ng'ombe huku, watu wanajua amekuja kukaa," alisema. Tukakubaliana: mwezi wa tano, baada ya mavuno, tutakwenda mnadani pamoja, yeye achague, mimi nilipe.

Siku mbili kabla ya mnada akapigiwa simu kwamba mdogo wake wa kiume kafiwa na mkwe, Nyasubi kule Kahama. Akafunga kanga zake akaondoka. Mlangoni akaniambia, "Tutakwenda mnada ujao. Ng'ombe hawaishi."

Nami nilikusudia kumtii, kabisa. Lakini siku ya mnada nilikuwa sina kipindi, na mwalimu wa hesabu naye alikuwa hana. Huyu alikuwa kijana wa Newala, amelelewa kwenye mikorosho, anajua ng'ombe kama ninavyojua mimi theluji. Alitaka kwenda kula nyama choma. "Twende ukaangalie tu, Madamu," alisema. "Kuangalia hakulipiwi."

Tukaenda kuangalia tu.

Nilimwona tangu mbali. Alikuwa mwekundu wa kukolea, mwenye pembe ndefu zilizopinda juu, ndefu kuliko za ng'ombe wa kwetu pale, na zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani. Mwenye ng'ombe huyo alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya pama, makubazi ya matairi, fimbo chini ya kwapa. Alitupokea kwa heshima.

"Shikamoo, walimu."

Ni mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, na akanishikamoo mimi. Hapo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka, nilisikia utamu.

"Marahaba. Huyu ni wa wapi?"

"Ametoka upande wa Geita, Mwalimu. Huko wana damu ya pembe ndefu."

Nikamsogelea ng'ombe bila woga, mbele ya mwalimu wa hesabu, na hiyo peke yake ilinilevya. Nikatazama pembe. Chini kabisa, karibu na nywele, palikuwa na pete mbili nzuri. Juu yake pembe yote ilikuwa laini, safi, haina hata mkwaruzo. Nikamgeukia mwenye ng'ombe, na hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke inimeze nikikumbuka: nikamfundisha. Nilimweleza yeye, mtu aliyezaliwa zizini, kwamba kila ndama huacha pete, kwamba huyu kwa hiyo amezaa mara mbili, kwamba ukiongeza miaka miwili au mitatu unapata umri wake.

Alivua kofia. "Kumbe!" alisema. "Sisi tunafuga tu, Mwalimu. Hatujui haya mambo ya kitaalamu."

"Kwa hiyo ana miaka minne, mitano," nilihitimisha.

"Mbili jumlisha mbili ni nne," mwalimu wa hesabu alithibitisha.

"Kama ndivyo ulivyosoma, Mwalimu, mimi ni nani nibishe?" alisema mwenye ng'ombe.

Nikamnunua. Tulimswaga wenyewe hadi nyumbani, mimi mbele na kamba, mwalimu wa hesabu nyuma na kijiti alichokiokota, akimsemesha ng'ombe kwa Kimakonde. Tulitumia mchana mzima kwa mwendo wa saa moja na nusu. Kila tuliyekutana naye alisimama kututazama, nami nilidhani wanatupongeza.

Mama mwenye nyumba alirudi siku ya tatu. Nilimpokea begi, nikampa pole ya msiba, nikamsubiri anywe maji, nikashindwa kusubiri zaidi. Nikamshika mkono hadi zizini.

Alimtazama yule mwekundu kwa muda. Akamzunguka. Kisha akaweka ukucha wake kwenye ncha ya pembe akaushusha taratibu. Ukucha uliteleza kimya hadi ukafika kwenye zile pete mbili za chini. Krr, krr. Akarudia. Akanusa kidole chake.

"Mafuta ya alizeti," alisema.

"Ya nini, Mama?"

"Ya kung'arishia. Mwalimu, njoo. Tazama kwa karibu, jua likipiga hapa. Unaona mikwaruzo?"

Niliiona. Midogo kama nywele, mamia, yote ikipanda kwa urefu wa pembe.

"Mistari ya Mungu inazunguka pembe," alisema. "Hii inapanda. Huyu amepigwa tupa, akapigwa msasa, akapakwa mafuta. Mbili wamekuachia ili uwe na cha kuhesabu. Na ona hapa juu ya hizo mbili, pembe imekonda ghafla kama penseli iliyochongwa."

Akamfungua mdomo kwa mkono mmoja kama mtu afunguaye droo, akanionyesha meno. Yalikuwa mafupi, yameachana, yamelika hadi karibu na fizi.

"Amezaa mara nane," alisema. "Labda tisa."

Nilikaa chini palepale zizini, juu ya vitu ambavyo mtu hakai juu yake. Nililia kidogo. Sikulilia fedha, nililia ile hotuba yangu mnadani, na yule mtu alivyovua kofia kuisikiliza. Mama mwenye nyumba aliniacha nikamaliza. Alikuwa anampapasa yule ng'ombe ubavuni, upande wa kulia, akibonyeza kwa ngumi na kuachia, akibonyeza na kuachia, akiwa ametulia kama anasikiliza redio.

"Nyamaza, mwanangu," alisema mwishowe. "Mnada ujao tutakwenda wote."

Tulikwenda. Mimi nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia nzima. Yule mtu wa kofia ya pama alikuwa mahali palepale na ng'ombe wengine watano, na alipotuona hakukimbia wala kugeuza uso. Mama mwenye nyumba akanishika kiwiko, ishara ya kwamba maneno yangu niyameze.

"Mwadila," alimsalimu, na wakaanza kusalimiana kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya nyumbani, ya mvua, ya mifugo, kila kitu mhola, amani. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Baba, naomba niwaone ng'ombe wako."

"Karibu, mayu," alijibu, yaani mama.

Akaenda kwa wa kwanza. Ukucha ukapita. "Huyu watoto sita," alitangaza. Akaenda kwa wa pili. "Huyu wanne, na wa tatu alikufa." Akafika kwa wa tatu, ukucha ukateleza kimya. Akanyamaza, akainama, akanusa kidole, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaenda kwa wa nne bila kusema neno.

Wanunuzi wawili wakasogea. Kisha wakawa sita. Mzee mmoja mwenye koti akasema, "Mama, huyo wa tatu mbona hujasema?" Mama mwenye nyumba akajibu, "Huyo hajui kuzungumza, amefungwa mdomo." Watu wakaangua kicheko, na yule mzee mwenye koti akaenda mwenyewe kuweka ukucha wake.

"Mayu, inatosha," alisema mwenye ng'ombe kwa sauti ya chini. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. "Njooni huku pembeni."

Tukaenda pembeni. Hapo nikashindwa kujizuia. "Kwa nini ulinidanganya?"

Alinitazama, na sikuona ubaya machoni mwake, aibu tu kidogo na uchovu mwingi. "Mwalimu, mimi sikukutajia umri. Hukuniuliza. Ulinifundisha, nikakusikiliza."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma.

"Lakini pembe ulizikwangua wewe," alisema mama mwenye nyumba.

"Nilizikwangua mimi." Akaangalia chini. "Basi tufanye hivi. Mrudisheni yule, Mwalimu achague mwingine hapa, yeyote, hata huyu wa watoto wanne. Tuyamalize kiutu uzima."

Nilikuwa tayari nimeshaanza kumtazama yule wa watoto wanne. Mama mwenye nyumba akanikanyaga mguu.

"Mwalimu amemzoea wake," alisema. "Atabaki naye. Wewe mpe kitu cha kumfuta machozi."

Yule bwana hakuamini masikio yake. Akaenda haraka, kabla hatujabadili mawazo, akaleta mbuzi jike mweupe mwenye doa shingoni, akanikabidhi kamba kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," alimwambia mama mwenye nyumba, na ilionekana anamshukuru kwa dhati.

Tulitembea hadi mnada ukawa mbali nyuma yetu. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa na ng'ombe kikongwe, mbuzi nisiyemwomba, na mguu unaouma.

"Mama, kwa nini umekataa?"

"Ana mimba," alisema. "Miezi mitano hivi. Nilimsikia mtoto siku ile ulipokuwa unalia."

Nilisimama katikati ya njia. "Na yule bwana hajui?"

"Angejua asingekuuzia."

"Mbona hukumwambia?"

Mama mwenye nyumba alimvuta mbuzi atoke kwenye mkonge wa watu. "Kwani aliuliza?"

Nilicheka hadi nikashika magoti. Bado sina hakika kama tulifanya vizuri. Nilimuuliza padri wa parokia mara moja, kwa njia ya mzunguko, naye akacheka pia, kisha akajikaza akasema nisali.

Mimba ya ng'ombe mzee ni hesabu ya mashaka. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Kufikia mwezi wa nane nyasi zilikuwa zimebaki vishina, na mbuga nyeusi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingiza mguu. Mwekundu alizidi kupungua mgongoni na kuongezeka tumboni. Nilimletea maganda ya viazi kutoka jikoni kwa shule, pumba za mahindi, mabua. Mwalimu wa hesabu, aliyejiona mshtakiwa namba mbili, alileta kila Jumamosi gunia la majani aliyoyakata bondeni kwa kisu cha jikoni. Mama mwenye nyumba alimpa michembe, vile vipande vya viazi vikavu ambavyo sisi wenyewe tulikuwa tunavipimia kwa sahani.

Alianza uchungu Jumapili asubuhi, tukiwa tumevaa nguo za kanisani. Hatukwenda. Alilala ubavu, akasukuma, akapumzika, akasukuma. Ikaonekana kwato moja. Moja tu.

Mama mwenye nyumba aliijua maana yake kabla yangu. "Mguu wa pili umekunjika nyuma," alisema. Akapaka sabuni mkono wake hadi begani akajaribu kuingiza, akautoa akiwa amekunja uso. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba tangu baridi ya mwezi wa saba, na kiganja kilikuwa hakikunjiki. Akajaribu tena. Kisha akageuka akanitazama mkono.

"Mimi siwezi, Mama."

"Wewe una mkono mwembamba. Vua hilo gauni la kanisani."

Nilivua nikabaki na kanga. Akanipaka sabuni yeye mwenyewe, kwa haraka, kama anamwogesha mtoto. Nikalala kifudifudi kwenye mavi na vumbi, nikaingiza mkono.

Sitasahau joto lile. Wala nguvu. Aliposukuma, nilidhani mfupa wangu unavunjika, nikapiga kelele, na mama mwenye nyumba akanishika bega, "Subiri, usitoe, mwache amalize." Akamaliza. Nikaendelea ndani nikipapasa gizani, nikimwambia kila ninachokigusa. Pua. Jino. Shingo. Bega.

"Shuka na bega."

Goti, limekunjika. Nikalisukuma nyuma kama alivyonielekeza, nikaifumbata kwato kwenye kiganja changu ili isimchane mama yake, nikaivuta kuja mbele, kidogo, kidogo tena. Ikanyooka. Nilisikia kabisa ikinyooka. Kisha nikatoa mkono, tukashika miguu yote miwili, na Mwekundu, ambaye sikudhani amebakiwa na chochote, akasukuma mara moja tu, ndama akatoka akaniangukia mapajani na maji yake yote.

Hakupumua. Mama mwenye nyumba akamtoa ute puani kwa vidole, akaokota bua la nyasi akamtekenya ndani ya pua. Ndama akapiga chafya, akatikisa masikio.

"Jike," alisema mama mwenye nyumba. Akakaa chini kando yangu, tukiwa tumechafuka wote wawili kuliko ng'ombe, akaanza kuimba wimbo wa komunyo, maana kwa saa ile misa kanisani ilikuwa imefika hapo.

Mwekundu hakusimama siku ile wala iliyofuata. Tulimpa uji wa mtama wenye chumvi kwa chupa, tukamgeuza ubavu asubuhi na jioni, watu wanne kwa kamba. Nilifundisha vipindi vyangu nikiwa nimelala nusu. Jumanne adhuhuri nilirudi nikamkuta amesimama, miguu inatetemeka, anamlamba mwanawe kichwani kwa ghadhabu kama mtu anayesugua sufuria.

Hakuzaa tena. Aliishi mwaka na zaidi, akinenepa kwa uvivu, akitoa maziwa machache mazito ambayo mama mwenye nyumba aliyagandisha kwenye kibuyu. Alikufa usiku mmoja wa masika bila kuugua. Asubuhi nilikuwa nimeshakwenda shuleni. Niliporudi nilikuta majirani wamekaa na visu vyao wananisubiri, kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa amewakatalia. "Mwenyewe aje amwone kwanza," aliwaambia. Nikamwona. Nikaenda ndani. Nyama sikula, nao hawakunilazimisha.

Baada ya hapo nikahamishiwa Geita. Sasa naishi mtaa wa nyuma ya maduka ya wanunuzi wa dhahabu, ambako majirani zangu wanazungumzia mashimo na mawe kuanzia alfajiri, na maziwa nanunua ya pakiti. Mtamba yule, mwana wa Mwekundu, nilimwacha Songwa, ningemweka wapi?

Mwezi uliopita simu iliita nikiwa nasahihisha mitihani.

"Mwalimu, hujambo?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Binti yako amejifungua. Dume. Peke yake, sikuweka hata mkono."

Nilisimama bila sababu. "Maziwa je?"

"Yanajaa ndoo. Nimeanza kugandisha. Lakini sikiliza, huyu mwalimu wako wa hesabu anapita hapa kila jioni na kikombe chake, na mimi siwezi kumfukuza mtu mzima. Uje upesi."

Nikaomba ruhusa ya Ijumaa. Mkuu wangu mpya aliuliza ni msiba au ni mgonjwa. Nikamwambia ni uzazi, naye akaandika hivyo, akaniambia nimpe mzazi hongera zake.